Ukaguzi wa Usingizi

Jina la nchi yetu silitaji. Msinione mwoga. Jina hilo ndilo lililokuwa nywila ya kompyuta ya Ikulu, na sheria inayokataza kulitamka hadharani haijafutwa mpaka leo. Watoto wetu wanapoimba wimbo wa taifa, wakifika penye jina la nchi wanaguna tu. Wanaguna kwa adabu, mikono kifuani, na mgeni akishangaa tunamwonea huruma, maana huenda kwao hawana hata siri moja ya maana.

Mambo yalianza siku ya Sherehe ya Kuwasha. Rais Mlezi alikuwa afungue kompyuta kuu ya serikali mbele ya mabalozi, na kioo chake kilitundikwa uwanjani ili kila raia aone. Mashine ikamwuliza nywila. Mtukufu akatabasamu, akakuna sikio. Zamani kazi ya kukumbuka nywila ilikuwa ya katibu wake, lakini katibu huyo alikuwa amefungwa wiki iliyotangulia kwa kosa la kujua mambo mengi. Mtukufu akachapa jina la mama yake, mashine ikakataa. Akachapa jina lake mwenyewe pamoja na vyeo vyote. Ikakataa tena, safari hii kwa mlio. Uwanja mzima tulikuwa tunaijua nywila, jamani, ni jina la nchi! Lakini nani amwambie? Ukimwambia umekiri kwamba unaijua siri ya Ikulu. Tukakaa kimya na jua lile, tunamtazama Mlezi wetu akitafuta jina la nchi anayoitawala, na halimjii.

Mashine ikajifunga. Ilipigwa risasi papo hapo, mbele ya mabalozi, kisha Mtukufu akakamata kipaza sauti akasema maneno ambayo sasa yamebandikwa kila ofisi: "Kuanzia leo, kukumbuka ni marufuku! Mungu hakumpa binadamu nywila. Alimpa vidole!" Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

*

Ikaanzishwa Wizara ya Vidole na Uaminifu. Waziri wake akawa Mheshimiwa Dakta Lihundi, msomi mkubwa aliyepata udaktari kwa utafiti wa kina juu ya Rais Mlezi. Akatangaza kwamba kila kompyuta nchini, iwe ya ofisini, ya dukani, au ile ya sebuleni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, itafunguliwa kwa kidole cha mwenyewe na si vinginevyo. "Nywila inaibiwa," alisema redioni. "Kidole kitaibiwaje? Si kiko mkononi mwako? Au huwa unakisahau kwenye baa?" Nchi nzima tulicheka. Mimi nilikuwa nacheka huku nimeshapeleka barua ya kuomba kazi.

Wakaniajiri kuwa mkaguzi. Mkaguzi Mwinyikondo, ndiyo mimi, na nikipita mtaani na mkoba wangu watu walikuwa wanaficha mikono mifukoni kwa heshima.

Nawajua nyinyi, mtauliza kama utaratibu ulikuwa unafanya kazi. Ulifanya kazi vizuri mno, tatizo lilikuwa raia. Palikuwa na mwashi mmoja ambaye saruji ilikuwa imemla ncha zote za vidole. Akaweka kimoja kimoja mpaka kumi vikaisha, mashine ikasema hayupo. "Jamani nipo, si mnaniona nimesimama hapa?" Tukamwambia angoje tuhakikishe. Bado anangoja, na nyumba yake amepewa mtu anayesomeka. Halafu kuna hawa walaji. Mchuzi ulichafua vioo vya kusomea vidole, kwa hiyo kula kwa mkono kukapigwa marufuku, tukawa tunaparuza ugali kwa uma. Kupeana mikono nako kukakoma. Ukinywa chai kwa watu unafuta kikombe kabla ya kuaga, la sivyo mwenyeji atabaki nacho na wewe umo humo.

Sasa nimtaje mke wangu, maana bila yeye nisingefika hapa nilipo. Anaitwa Sikudhani, mji mzima unamwita Bi Siku, na kazi yake ni kuwapaka maharusi piko, ile rangi nyeusi ya mikononi. Anachovya kijiti kwenye kibakuli, anashika mkono wa msichana, na maua yanaanza kutoka hujui yameanzia wapi. Watu walikuwa wanasogeza harusi mbele kwa kuwa Bi Siku ana nafasi mwezi ujao. Mitindo yake aliitunza kwenye kompyuta yake ndogo, na mimi, mume mwenye maendeleo, sikumkataza.

Kompyuta ya kwanza niliyoifungia kisomaji cha vidole ilikuwa hiyo yake. Mkono wa kulia ulikuwa umekolea piko za miaka yote, haukusomeka hata kidogo. Wa kushoto ukasomeka. "Unaona?" nikamwambia. "Sasa hakuna atakayeigusa mashine yako."

"Na zamani alikuwa anaigusa nani?" akauliza.

Huyo ndiye mke wangu, anapenda maswali.

*

Wizara, kwa kuogopa virusi vya kompyuta, ilichapa alama za vidole vya raia wote waliosajiliwa kwenye karatasi na kuzifungia stoo. Wazo zuri kabisa. Mwisho wa mwaka stoo ikajaa, na makaratasi ya stoo, kama ilivyo desturi ya kila ofisi yetu, yakauzwa kwa kilo. Haikupita juma mji mzima ukawa unakula karanga zilizofungwa kwenye vidole vya wenzao. Mimi mwenyewe nilinunua kashata nikaikuta imekaa ndani ya gumba la Jaji Mkuu. Wahuni wakayapitisha makaratasi yale kwenye visomaji, na mashine, ambazo zilifundishwa kutii kidole na si mtu, zikafunguka.

Bunge likakaa. Hoja ya Mheshimiwa Lihundi ilikuwa fupi na nzito. Nywila ikiibiwa, watu wa zamani walifanya nini? Waliibadilisha. Basi na kidole kikiibiwa kibadilishwe. Mbunge mmoja wa upinzani, tulikuwa naye mmoja bado, akauliza kidole kinabadilishwaje. "Kinaondolewa," Waziri akajibu, "na raia anaendelea na kinachofuata. Raia wetu ana nafasi kumi. Nitajieni serikali nyingine duniani inayowapa wananchi wake nafasi kumi!" Wabunge walipiga meza mpaka chai zikamwagika.

Ikafunguliwa Ofisi ya Ufutaji, kwenye jengo lililokuwa bucha la manispaa, kwa sababu kuta zake zina vigae na ni rahisi kuosha. Huduma bila malipo. Mteja anakuja na ganzi yake, pamba yake na glavu za daktari, basi. Ukitoka unapewa soda baridi na biskuti, na pale mlangoni pana kimashine kinauliza umeionaje huduma, unabonyeza uso wa kucheka au wa kununa. Wa kununa uliharibika siku ya kwanza, haujatengenezwa.

Kidole cha mke wangu kilikuwa kwenye karatasi za karanga.

"Baba Raya," akaniambia. Raya ni binti yetu, wa pekee. "Mimi ndiye niliyeuza makaratasi?"

"Hapana."

"Aliyeuza nani?"

"Wizara."

"Na kinachokatwa ni kidole cha nani?"

"Mke wangu," nikamwelewesha taratibu, "ufunguo ukiibiwa hatubadilishi Wizara. Tunabadilisha kitasa."

Alinitazama mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Kisha akavaa baibui, akachukua pamba, akaenda. Alirudi na soda yake hajaifungua, akampa Raya.

Cha pili kilivuja kwa sababu mtaalamu wa Wizara aliweka kumbukumbu zote kwenye flashi akaisahau kwa kinyozi. Cha tatu, lazima niseme, kilivuja kwa heshima. Wizara ilikuwa inaadhimisha mwaka mmoja wa mafanikio, ikatoa kanga za sherehe zenye alama za vidole vya raia wa mfano, na mimi nikapendekeza cha Sikudhani. Kilitokea vizuri ajabu, kikubwa, katikati ya kanga, kimezungukwa na korosho. Wanawake walizigombania. Nikamletea doti moja, nikidhani atafurahi. Ebo! Aliitupa nje, kwenye matope, kanga ya serikali. Ilibidi niifue mwenyewe kabla majirani hawajaona.

Vilivyofuata sivitaji, vilivuja kwa njia za kawaida. Mkono wa kushoto ukabaki kiganja. Wakaja wenzangu wakamsugua mkono wa kulia kwa limau na mchanga mpaka piko ikalegea na ngozi ikasomeka. Alikuwa analia. Mimi nilikaa naye, nikamshika bega, ingawa hiyo haimo kwenye majukumu ya mkaguzi.

*

Halafu ikaja sheria iliyonipa jina. Mheshimiwa Lihundi aligundua jambo ambalo mataifa makubwa yamelipuuza: mtu akilala, kidole hakilali. Ukimkuta mwenye kompyuta amejilaza baada ya chakula cha mchana, ukachukua kidole chake polepole ukakiweka kwenye kioo, mashine inafunguka na mwenyewe anakoroma. Likatangazwa Zoezi la Kitaifa la Ukaguzi wa Usingizi. Kila mkuu wa kaya awakague watu wake wakiwa wamelala.

Utaratibu ulikuwa mwepesi, hata mjinga angeuweza, na ndiyo maana tuliuweza. Kidole cha mtu aliyelala kikifungua mashine, basi kinamfungulia yeyote, hakiaminiki, kifutwe. Kisipofungua, kinamkana mwenyewe, hicho ni kidole kaidi, kifutwe.

Kwenye mkutano wa hadhara mama mmoja akasimama. "Mheshimiwa, sasa kidole kizuri ni kipi?"

"Ni kile ambacho hakijakaguliwa," akajibu Waziri, na pale ndipo nilipojua kwamba msomi ni msomi.

Mtauliza viongozi. Viongozi hawalali. Kisheria, kiongozi akifumba macho anatafakari. Na gumba la kulia la raia nalo halikatwi, hata likivuja namna gani, kwa kuwa ni mali ya uchaguzi.

Nilikuwa hodari katika zoezi lile, sisemi kwa kujisifu. Nina mkono mwepesi. Majirani walikuwa wananiita, Mwinyikondo njoo unisaidie, mama mkwe wangu ana usingizi wa mang'amung'amu. Nyumbani kwangu nilianza na mfano. Ijumaa ya kwanza, baada ya pilau, Sikudhani akajiegesha kwenye mkeka. Nikachukua kidole chake cha mwisho, kile kidogo, nikakiweka. Mashine ikafunguka bila wasiwasi. Ijumaa nyingine cha pete, halafu cha kati. Akabaki na gumba la uchaguzi na kidole cha shahada.

Hivyo viwili, kwa asiyejua, ndivyo hushika kijiti cha piko.

Wakati huohuo Raya akachumbiwa, na si na mtu hivihivi. Alichumbiwa na Shomari, mpwa wa Mheshimiwa Lihundi mwenyewe! Walimtaka kwa jambo moja, na walilisema waziwazi siku ya posa: alikuwa na vidole vyote kumi. Nilikuwa sijamruhusu kushika kompyuta maisha yake, kwa hiyo havijasajiliwa, havijavuja, vipya kabisa. Wazee wa upande wa bwana harusi walivitazama wakitikisa vichwa, mmoja akaomba avihesabu mara ya pili. Siku hizi bibi harusi wa namna hiyo humpati mji mzima.

Waziri akaahidi kwamba siku ya harusi atatangaza cheo changu kipya, Mkaguzi Mkuu, ila nyumba yangu iwe imemaliza zoezi. Ripoti ifike Ijumaa, harusi ni Jumamosi. Kilibaki kidole kimoja tu.

*

Mke wangu akaacha kulala.

Nasema akaacha. Alijua ninachongoja. Akahamia kwenye kigoda kisicho na egemeo, miguu ndani ya beseni la maji baridi, anatafuna tangawizi mbichi na kunywa kahawa chungu mpaka mikono inamtetemeka. Akisinzia Raya anamfinya. Macho yalimwiva, akawa anaongea na watu ambao hawamo chumbani. Mimi nami sikulala vizuri, kwa kuwa lazima nimchungulie.

"Baba Raya," akaniambia Alhamisi, sauti imekauka. "Ni miaka ishirini nawapaka watoto wa watu. Huyu ni wangu. Ngoja nimpake mwanangu. Nikimaliza chukua kidole, chukua mkono, chukua na kichwa, sitasema kitu. Ngoja nimpake tu."

"Piko huchukua siku nzima, na ripoti ni ya kesho alasiri," nikamkumbusha. "Wapo wapakaji wengine."

"Wana vidole?"

Hawakuwa navyo, kweli.

Ijumaa asubuhi walikuja watu wa Wizara wakasajili vidole kumi vya Raya kwa jina la nyumba ya Waziri, na kutoa kibali maalumu apakwe piko mpaka nchani, kwa kuwa ni harusi ya wakubwa. Wakaondoka. Sikudhani akakaa mbele ya binti yake, akakibana kijiti katikati ya gumba na kidole cha shahada, akaanza. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni, kompyuta nimeipakata juu ya kanzu yangu nyeupe ya harusi. Niliipasi mwenyewe.

Nitasema ukweli, ingawa mimi ni mtumishi wa umma. Sijapata kuona kazi kama ile. Mkono ulikuwa unatetemeka hewani, lakini kijiti kikigusa ngozi unatulia. Maua yalipanda kwenye kiganja, yakazunguka kifundo, yakapanda mpaka kiwiko, na Raya machozi yanamtoka na hawezi kuyafuta, maana bibi harusi mwenye piko mbichi hagusi kitu. Analishwa, ananyweshwa, hata pua ikimwasha anakunwa na shangazi. Nje wanawake walikuwa wanapepeta mchele na kupiga vigelegele.

Mwisho Sikudhani akazichovya ncha, moja moja, zote kumi. Akapuliza. "Tayari, mwanangu," akasema. "Usiguse kitu." Akaweka kijiti kibakulini, kichwa kikaangukia mapajani mwa binti yake, akalala papo hapo.

Nikatazama saa. Alasiri bado. Alhamdulillahi!

Nikasogeza kiti. Nikauinua ule mkono wa mke wangu, mwepesi, moto kama wa mgonjwa.

"Baba," akasema Raya, mikono yake imeinuliwa juu, maua yanang'aa. "Baba, usimguse."

"Ni dakika moja."

"Baba, nitapiga kelele."

"Piga. Nyumba ya harusi kila mtu anapiga kelele."

Akaitazama mikono yake. Aliitazama kama anayeaga mtu. Mimi nilikuwa nimeshakinyoosha kidole cha shahada, nimekishusha mpaka kinakaribia kioo, nikawa nasubiri ule mlio. Badala yake nikapokea makofi mawili usoni, ya pamoja, shavu huku na shavu huku, na hakuiondoa mikono! Aliibana hapo kwa nguvu zake zote, mtoto niliyemlea mimi, vidole kumi vimeng'ang'ania uso wangu. Kompyuta ikaruka, ikatua kwenye beseni la maji baridi, ikalia kidogo, ikanyamaza.

Sikudhani akaamka. Akaiona mikono ya Raya, maua yote yamechuruzika yamekuwa tope jeusi. Akaniona mimi. Akakitazama kidole chake, akakikunja, akakikunjua.

"Umeniharibia kazi, mwanangu," akasema, na akaanza kucheka huku analia, wote wawili wakawa wanacheka na kulia, kamasi zinawatoka. Kisha akavuta kibakuli. "Lete mikono. Tunaanza upya."

Hakuna aliyenipa hata kitambaa.

*

Niliosha uso kwa sabuni, kwa limau, kwa mafuta ya taa. Mnaijua piko. Kadiri nilivyosugua ndivyo ilivyozidi kukolea, na asubuhi ya harusi, Mheshimiwa Lihundi alipokuja kunipa mkono, samahani, kunipa kiwiko, akanitazama usoni akarudi nyuma hatua kadhaa. Michirizi yote ilikuwa dhahiri, kila mstari, kila mzunguko. Uso wangu ulikuwa umebeba vidole vyote kumi vya nyumba ya Waziri, hadharani, mbele ya wageni wenye simu za kamera.

"Mfunikeni!" akapiga ukelele. Nikafunikwa na kitambaa cha meza ya keki.

Kamati ikakaa siku hiyohiyo. Mimi nilikaa chini ya kitambaa, nikajibu kwa sauti. Hoja ilikuwa ngumu. Vidole vya Raya vilikuwa vimevuja, kwa hiyo kisheria vilitakiwa kufutwa vyote, ukiacha lile gumba la uchaguzi. Lakini mpwa wa Waziri alikuwa ameoa saa mbili zilizopita, na alioa vidole. Basi kama vidole haviwezi kufutwa, ifutwe nakala. Nakala ni nini? Wakanigeukia. Mjumbe mmoja, kijana mwenye bidii ambaye nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, akapendekeza uso upelekwe Ofisi ya Ufutaji kwa utaratibu wa kawaida. Nilimpongeza kwa kuzingatia sheria. Ikaonekana vigae havitatosha. Uamuzi ukawa kwamba mimi ni waraka wa siri, na waraka wa siri haukatwi, unahifadhiwa.

Kwa hiyo nimehifadhiwa. Niko Chumba cha Nyaraka, chini kabisa ya Wizara, rafu ya pili. Chakula kinapita chini ya mlango, kwa hiyo ni chapati tu. Sina malalamiko. Katika nyaraka zote za taifa hili mimi ndiye pekee ninayekohoa. Piko huisha yenyewe baada ya majuma machache, nalijua hilo, mke wangu amenieleza mara nyingi, na huenda usoni mwangu hamna hata alama. Lakini wa kuthibitisha lazima anitazame, na kunitazama ni kosa la kuchungulia siri. Kioo hawanipi, kwa sababu mimi nami sina kibali cha kuniona.

Iko njia moja tu. Waraka wa namna yangu hutolewa kwa kidole cha ndugu wa karibu, kikiwekwa kwenye kisomaji cha mlangoni. Na kidole kilichofungua chumba cha siri huwa kimeijua siri, kwa hiyo baada ya hapo kinafutwa. Raya haruhusiwi, vidole vyake ni vya nyumba ya Waziri. Anabaki mmoja.

Alikuja. Nilimjua kwa harufu ya piko kabla hajasema kitu. Akakaa chini, upande wa pili wa mlango, nikasikia mgongo wake unaegemea mbao.

"Baba Raya, umekula?"

"Chapati. Siku, kisomaji kiko hapo juu ya kitasa. Weka tu, mara moja, nitoke."

"Nikiweka watakikata."

"Ni kimoja tu, mke wangu! Ganzi nitanunua mimi!"

Nikamwambia juu ya baridi ya humu. Nikamwambia juu ya panya. Nikamwambia kwamba nimemsamehe Raya, na nikamwambia kwamba mimi ni mume wake, na nikamaliza kwa kumkumbusha wajibu wa raia. Sauti ilinipasuka, sikuitegemea. Nikalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha nikasikia baibui lake likikung'utwa.

"Nina bibi harusi ananisubiri," akasema. "Mtoto wa yule mwashi. Nimemwahidi maua mpaka kiwikoni."

"Sikudhani!"

Alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Akasimama hapo, akaniambia kwa upole, vile anavyowaambia maharusi wake wasiogope.

"Lala, mume wangu. Humo hakuna wa kukukagua."